Miji Iliyotuvika Nguo

Katika duka langu hapa Langoni hakuna hata yadi moja ya kitambaa kilichofumwa Lamu. Kanga nyingi zatoka India, chache Dar es Salaam, nyingine huchapwa hapa hapa nchini. Madera ni ya China. Kitambaa cha buibui hupitia Dubai, kikashushwa Mombasa, kikapanda basi hadi Mokowe na boti hadi gatini. Wateja hupapasa, hupatana bei, hulipa na kwenda zao, na sijapata hata mmoja aliyeona ajabu kwamba mji mkongwe namna hii hauwezi kujivika wenyewe. Mimi naona ajabu, na linaniuma.

Nimekulia kwenye nguo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza kanga kwa mkopo nyumba kwa nyumba kule Mkomani, na alipofariki niliachiwa kasha lake. Ndani mlikuwa na doti ambazo hazijawahi kukatwa, kanga ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kaniki iliyofifia, na kipande cha kile kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, kilichokunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa myeusi. Tangu hapo nimekuwa nikinunua nguo kuukuu kwa watu na kufuatilia zilikotoka. Karibu kila moja imenipeleka kwenye mji ambao mashine zake zimenyamaza. Salem. Lowell. Manchester. Mumbai. Kisumu. Watu wa miji hiyo wanaandika mengi kuhusu walichopoteza, na wana haki. Lakini ni nadra kusoma habari zao zikihadithiwa kutoka upande wa aliyekuwa amevaa ile nguo, kwa hiyo nitazieleza mimi.

Kwanza niondoe fikra moja ambayo hata baadhi ya ndugu zangu wanayo, kwamba watu wa pwani tulikuwa wachuuzi tu, tukipokea vya wengine na kuwauzia wengine. Si kweli. Pale Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walichimbua vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa mviringo na kutobolewa katikati. Kazi yake ni kuutia uzito mti wa kusokotea pamba ili uzunguke. Shanga ilihamwa karibu miaka 600 iliyopita, na watu wake walikuwa wakisokota wenyewe. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuwa Malindi ilipata faida yake kubwa kwenye chuma. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akakuta nguo za mji huo zikipelekwa hadi Misri. Pate ilisifika kwa hariri katika karne ya 16, na Wareno walizinunua nguo hizo kwenda kuziuza kwenye miji mingine ya pwani. Kusini, Sofala, katika Msumbiji ya leo, Mreno Duarte Barbosa aliwaona watu wakizifumua nguo za buluu kutoka Cambay, bandari ya India, uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe, kwa kuwa wao rangi ya buluu hawakuwa nayo. Hebu fikiria subira ya kazi hiyo. Mtu ananunua nguo iliyokamilika, anaivunja, anaijenga nyingine inayompendeza.

Siyu ndiyo inayonigusa zaidi. Ukitaka kufika inakubidi ungoje maji yajae ndipo boti ipite kwenye mikoko. Leo ni kijiji chenye ngome kubwa kuliko mahitaji yake, punda, na vijana wanaotazama simu. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 huu ulikuwa mji wa mafundi. Walinakili misahafu kwa mkono, yenye nakshi ambazo wataalamu leo wanazitambua wakiziona tu. Walitengeneza viatu vya ngozi, mishipi, ala za panga, viti vya enzi, milango. Watu wa visiwa vyote hivi walijua kwamba kitu cha Siyu ni kitu cha kurithisha. Na walikuwa na kiburi cha kufaa: miaka ya 1840 waliyashinda majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Unguja, na hawakusalimu amri hadi mwaka 1863 alipotawala mwanawe Majid. Mzee mmoja wa huko alinitolea muhuri mdogo wa kupigia nakshi kwenye ngozi, mti wake umeng'aa kwa mafuta ya viganja vya watu waliokufa zamani. Alinigongea mara moja juu ya kipande cha ngozi mbovu, ikatokea alama safi ya ua lenye petali nane. Nikamuuliza nani mwingine anaijua kazi hiyo. Akasema, "Ni mimi, na mato yangu hayaoni tena."

Sasa tuvuke bahari.

Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza akafika Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem. Salem ni bandari katika jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wake walikuja kuchukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, kwenye vijiji vya viwanda vya Deep River na Ivoryton, zikachanwa vibao vyembamba vya kubandika kwenye vitufe vya piano na kuanikwa siku nyingi chini ya mapaa ya vioo hadi zikawa nyeupe. Sandarusi ilisafishwa Salem kwenyewe, ikawa vanishi. Na walipokuja hawakuja mikono mitupu. Walileta kitambaa cha pamba, kizito, cheupe kisichopaushwa, kilichofumwa kwenye viwanda vya jimbo lao. Hicho ndicho marekani. Katika muda wa miaka michache kilishika pwani yote na bara yake hadi kwenye maziwa makuu. Misafara ilikibeba mgongoni na kukitumia kulipia chakula, ushuru na wapagazi. Mwaka 1840 Seyyid Said alipoipeleka jahazi yake Sultana hadi New York, miongoni mwa shehena aliyoagiza kurudi nayo ilikuwa ni nguo hiyo hiyo.

Nani alikuwa akiifuma? Hapa ndipo Lowell inapoingia, na mimi sichoki kuisoma habari ya mji huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 palikuwa mashamba kando ya maporomoko ya mto Merrimack. Matajiri wa Boston wakachimba mifereji, wakayaelekeza maji yazungushe magurudumu, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi mwaka 1823. Mwaka 1836 pakatangazwa kuwa mji kamili. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa wasichana, mabinti wa wakulima wa New England, waliolala kwenye nyumba za kampuni, wakaamshwa kwa kengele, wakala kwa kengele, wakafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku. Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto ili hewa ibaki na unyevu, maana uzi mkavu hukatika. Vumbi la pamba likielea. Mashine mamia katika chumba kimoja. Mwaka 1834 walipopunguziwa ujira wakaacha kazi na kuandamana, na mwaka 1836 wakaandamana tena, wasichana ambao mama zao hawakuwahi kupandisha sauti mbele ya mwanamume. Nawastahi sana wale wasichana. Walipochoka wakaja Waairishi, kisha Wakanada wasemao Kifaransa, kisha Wagiriki, kila kundi likipokea nafasi kwa ujira wa chini kidogo au kwa kukubali mashine zaidi.

Lakini pamba yenyewe haikuota Massachusetts. Ililimwa kusini, Mississippi, Alabama, Georgia, kwa mikono ya watu waliotiwa utumwani. Na ilipofika huku ikiwa marekani, mavazi ya bei nafuu kuliko yote, waliovikwa miongoni mwa wengine ni watumwa wa pwani yetu, waliokuwa wakilima mtama na simsim kwenye mashamba ya bara ya Lamu na baadaye Malindi. Wenye mashamba walikuwa wazee wetu. Hatuwezi kulizunguka hilo. Mtumwa upande mmoja wa dunia akaichuma pamba, msichana aliyeamshwa na kengele akaifuma, mtumwa wa upande huu akajifunga kiunoni. Hawakuonana kamwe. Ninapoona picha za Lowell zilivyo nzuri, mifereji, matofali mekundu na minara ya saa, huwa nawaongeza watu hawa wawili kwenye picha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba. Nguo ya marekani ikaadimika huku, bei ikapanda, na Waingereza na wenye viwanda wa Bombay, Mumbai ya leo, wakaliona pengo. Lowell haikufa pale; iliendelea karne nzima. Iliuawa polepole, viwanda vikihamia kusini kulikokuwa na pamba karibu, umeme, na ujira mdogo. Salem kiwanda chake kikubwa cha nguo, Naumkeag, kiliungua katika moto mkuu wa mwaka 1914 na kikajengwa upya, lakini nacho baadaye kilifuata njia ile ile. Amoskeag, katika mji wa Manchester jimboni New Hampshire, kilichoajiri watu wapatao 17,000 wakati wa nguvu zake, kilifunga milango katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda cha kwanza kabisa cha Lowell kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na majengo yake yakabomolewa.

Kile kipande cha kwenye kasha la bibi sidhani kuwa ni cha Salem wala cha Lowell. Kwa umri wake naamini kilifumwa Japan, maana katika miaka ya 1930 Wajapani ndio walioshika soko la marekani Afrika Mashariki.

Aliyenifundisha kukisoma ni mjomba wangu. Huyu alikwenda bara akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo ambacho sitakitaja, akaanza kwa kufagia pamba chini ya mashine na kupanda hadi akawa mkaguzi wa vitambaa. Nilipompelekea kipande kile alikivuta kwanza pembeni, mshazari, akasikiliza. Ndiyo, alisikiliza. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati kioo kidogo cha kukuzia, chenye fremu ya chuma ya inchi moja kwa inchi moja, akakiweka juu ya nguo na kuanza kuzihesabu nyuzi za mtande, zile za urefu, kwa ncha ya sindano, kisha za mshindio, zile za upana. "Mtande wakazwa, mshindio walegea," akaniambia. "Yule aliyekuwa kwenye mashine hii alikuwa na mashine nyingi mno. Hakupata nafasi ya kurekebisha." Mwanamke wa Osaka au wapi sijui, amekwisha kufa, na mjomba wangu aliketi barazani Lamu akiona jinsi alivyokuwa akikimbizwa kazini.

Akanionyesha pia jaribio la maji, ambalo sasa nalifanya kwa kila nguo kuukuu ninayoletewa. Unachovya pembe ya kitambaa kwenye beseni ya maji ya uvuguvugu na kukifikicha kwa vidole. Kitambaa cha haki hulainika kidogo tu. Kitambaa kilichotiliwa wanga na udongo mweupe ili kizidi uzito hutoa maji meupe kama uliyooshea mchele, na kinachobaki mkononi ni wavu. Wazee wetu walikuwa wajuzi wa jambo hili. Nguo za Uingereza zilipoletwa kushindana na marekani katika karne ya 19, watu wa huku walizikataa kwa sababu hiyo hiyo, zilipendeza dukani na kuisha zikifuliwa mara ya kwanza. Barua za wafanyabiashara wa wakati ule zimejaa malalamiko kuwa Waafrika ni wagumu kuridhika. Naisoma habari hiyo kwa fahari. Mteja wa Lamu na Unguja alikuwa akiwaamulia watu wa Massachusetts na wa Lancashire kule Uingereza wafume nini.

Hatimaye Manchester ilijifunza, na ikaja kutawala. Mwaka 1913 Uingereza iliuza nje takriban yadi bilioni 7 za nguo za pamba, nyingi zikitoka kwenye miji iliyouzunguka mji huo: Oldham, Bolton, Blackburn, Burnley. Wenye viwanda na madalali walikutana kwenye jumba moja, Royal Exchange, maelfu yao wakisimama kwenye ukumbi mmoja kuuziana pamba, uzi na vitambaa. Kanga nazo zilichapwa huko, kwa michoro iliyotumwa na wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja. Nyingine zilichapwa Uholanzi, ikiwemo Helmond, mji ambao hadi leo bado unachapa nguo za Afrika.

Mpwa wangu anasoma Manchester. Nilimwomba aingie Royal Exchange kwa ajili yangu, akanipigia simu ya video akiwa ndani. Ukumbi ni mkubwa, nguzo za marumaru, kuba za vioo. Katikati wamejenga ukumbi wa maigizo wa chuma na vioo, wenye pande saba, ulioning'inizwa kwenye zile nguzo kwa kuwa sakafu isingeweza kuubeba uzito wake. Ulifunguliwa mwaka 1976. Lakini nilichotaka kuona ni juu ukutani, akainua simu: ubao wa bei, umebaki na bei za siku ya mwisho ya biashara, mwaka 1968. Nilimwambia aishike simu isitikisike. Miaka kumi kabla ya hapo, 1958, Uingereza ilikuwa imeanza kuagiza nguo za pamba nyingi kuliko ilizouza, nchi ambayo ndiyo iliyowafunza wengine wote kutumia mashine.

Niseme neno kuhusu kazi yenyewe kule Lancashire, maana picha za majumba husahaulisha. Kile kijiti kinachopita huku na huku na uzi wa mshindio kina tundu dogo. Uzi ukiisha, mfumaji alitia mpya, akaweka mdomo kwenye tundu na kuufyonza utokeze. Mamia ya mara kwa siku, na kijiti kile kile kikipita midomo ya watu kadhaa, na pamoja na uzi wanavuta vumbi, mafuta na ugonjwa. Kelele ilikuwa kubwa hata wakajifunza kusomana midomo, na wanawake wakaendelea kuzungumza hivyo nje, majiani, kwa kuzoea. Wengi walizeeka wakiwa viziwi. Mtu akiniambia miji ile ilikuwa na enzi nzuri, namuuliza: nzuri kwa mapafu ya nani?

Na bado, viwanda vilipofungwa katika miaka ya 1960 na 1970, wale wale waliokuwa wakiumia walilia. Mjomba wangu ndiye aliyenielewesha jambo hili. Kiwanda chao kilianza kupunguza zamu mapema miaka ya 1990, serikali ilipofungua soko na mitumba ikaingia kwa marobota. Shati moja la mtumba liliuzwa kwa bei ambayo haikutosha hata kununulia uzi wa kulifumia. Zamu ya usiku ikaondoka kwanza. Kisha mishahara ikawa inachelewa. Kisha siku moja wakakuta lango limefungwa, askari wamesimama na karatasi imebandikwa, na malipo waliyostahili kwa miaka yote ya kazi hayakulipwa hadi leo. Anasema usiku ule wafanyakazi walikaa nje ya lango hadi asubuhi, bila mpango wowote, kwa kuwa hakuna aliyejua aelekee wapi. Nilimwuliza kama kazi ilikuwa nzuri. "Ilikuwa mbaya," akasema. "Vumbi, kelele, msimamizi wa matusi. Lakini nilikuwa mtu. Nikishika nguo sokoni najua, hii nimeipitisha mimi."

Hayo hayakutokea kwao tu. KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, nacho kilifungwa miaka hiyo ya 1990. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kuwekewa mashine mpya ikazinduliwa tena mwaka 2019. Mitaa iliyojengwa kwa mishahara ya viwanda vya nguo, maduka, shule za watoto wa wafanyakazi, timu za mpira, yote yalitikisika. Watu huzungumzia miji iliyokuwa ya viwanda kana kwamba ipo Ulaya na Marekani peke yake. Sisi tunayo, na wazee waliofanya kazi humo wapo hai, wameketi barazani, na hakuna anayewauliza kitu.

Mumbai mambo yalikuwa makali zaidi. Januari 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 wa viwanda vya nguo waliacha kazi wakiongozwa na Datta Samant, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mgomo ule haukuwahi kumalizika rasmi. Viwanda vingi havikufunguliwa tena. Ardhi ile katikati ya jiji ilikuwa na thamani kuliko nguo. Phoenix Mills leo ni jumba la maduka ya kifahari, bomba la moshi likiwa limeachwa kwa urembo. Mfanyabiashara mmoja ninayenunua kwake aliniambia babu yake alifuma pale, na yeye akiingia leo hawezi kununua hata kikombe cha chai.

Hapa ndipo nilipo na msimamo, na nitausema. Kuna namna mbili za kuuenzi mji wa viwanda uliokwisha. Ya kwanza ni kuyasafisha matofali, kuweka vioo, na kuyauza majengo kwa watu wenye pesa, ukabakisha bomba la moshi ili lipendeze kwenye picha. Ya pili ni waliyoifanya Lowell: mwaka 1978 sehemu ya mji ikafanywa hifadhi ya taifa, na kwenye kiwanda cha Boott wameweka chumba chenye mashine za kufumia zinazofanya kazi kweli. Wageni hupewa vizibo vya masikio mlangoni. Nimetazama video zake usiku mwingi. Sakafu inatetemeka. Kitambaa kinatoka. Mtoto anayeingia pale anatoka akijua nguo ni kazi ya mtu. Na mji haukugandishwa. Tangu miaka ya 1980 umepokea Wakambodia kwa maelfu waliokimbia vita, wakafungua maduka kwenye mitaa ile ile ya wasichana wa kengele.

Lamu inajua vizuri mno namna ya kwanza. Tangu UNESCO ilipoutia mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 tumetengeneza milango, tumepaka chokaa, majumba yamenunuliwa na wageni, na namshukuru Mungu kwamba kuta hazikuporomoka. Lakini kuta ni nini bila fundi? Matondoni bado wanaunda majahazi, huko bado kuna watu wanaojua kutia misumari na kalafati, na hilo ndilo ninaloliona kuwa urithi hasa. Wakikosa wateja, baada ya muda tutabaki na makumbusho yenye jahazi ndogo ndani ya kioo. Siyu imetufundisha jinsi inavyokuwa: ngome ilikarabatiwa, muhuri wa ngozi uko kwa mzee mmoja.

Na kuna hili la pamba. Mpeketoni na Hindi, mwendo mfupi kutoka hapa nilipoketi, wakulima wanalima pamba. Nimesimama kwenye shamba lao wakati wa mavuno, nikashika kitumba kilichopasuka, bado kina joto la jua, nyuzi ndefu safi. Inachambuliwa, inafungwa marobota, inaondoka. Wakulima wanapokea kidogo kwa kilo na kungoja malipo. Kisha kitambaa kinarudi dukani kwangu kikiwa kimepanda bei katika kila kituo. Bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na viongozi wanapokuja kuhutubia huzungumzia makasha yatakayopita kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Yatakayopita. Nasikiliza nikingoja mmoja wao aseme ni nini kitakachotengenezwa hapa, nani atakayefundishwa kukitengeneza, na mapafu yake yatalindwa vipi. Sitaki tuletewe Lancashire ya mwaka 1850, na sitaki wasichana wetu waamshwe kwa kengele ya mtu mwingine. Chumba kimoja chenye mashine kumi, pamba ya Mpeketoni, na mjomba wangu akiwa amekaa kitini na kile kioo chake akiwafundisha vijana kuhesabu nyuzi, hicho si kitu cha kushindikana katika kaunti yenye pesa za kujengea ofisi.

Nimeanza na kile ninachoweza. Mjomba nimemrekodi akieleza idara zote za kiwanda, kuanzia marobota ya pamba yanapofunguliwa hadi kanga inapokunjwa doti, na jinsi ya kutambua kosa katika kila hatua. Bado ana mengi, nami namfuata kila baada ya sala ya alasiri anapokuwa na nguvu. Sasa natafuta wengine. Kama mzazi wako au jirani yako alifanya kazi katika kiwanda chochote cha nguo, cha kuchambua pamba au cha kukamua mafuta, popote Kenya au Tanzania, nitafutie nizungumze naye kwa simu; gharama ni zangu. Na kama kwenu kuna kasha la bibi lenye kanga zilizopauka, msizifanye matambara ya kufutia jiko kabla sijaziona. Tazameni kwanza ukingoni, chini ya pindo, pale ambapo mara nyingi huwa pamechapwa jina la mwenye mali na namba ya mchoro kwa maandishi madogo. Nipigieni picha ya hapo, karibu, kwenye mwanga wa mchana, na mniambie nguo ilinunuliwa mji gani na nani aliivaa.